Bibi Hobokela Hakufika Kwenye Mstari

Hii usiifungie kwenye simu yako. Isome hadi chini, kisha msogezee mwingine.

Sekela alikuwa muuguzi wa hospitali ya wilaya kwa miaka kumi na miwili. Siku alipopata barua kwamba amechaguliwa kusomea shahada ya uzamili ya matunzo ya wazee na utengamao, yaani kumrudishia mgonjwa uwezo wa kujifanyia mambo yake, aliisoma amesimama wodini. Akairudia. Kisha akawasomea wagonjwa wake kwa sauti, nao wakampigia makofi wakiwa vitandani.

Mwajiri wake alimpa ruhusa kwa sharti moja: akifeli mtihani wa vitendo, hakuna kurudia. Atarudi kazini mikono mitupu.

Mtihani wenyewe ulikuwa hivi. Kila mwanafunzi alikabidhiwa mgonjwa mmoja kwa wiki nane. Siku ya mwisho, mgonjwa huyo angeinuka kitini na kutembea bila kushikwa hadi kwenye mstari mwekundu uliochorwa sakafuni, mita kumi mbele yake, kabla dakika moja haijaisha.

Sekela alipewa Bibi Hobokela, mwenye miaka themanini na mmoja. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza upande wote wa kushoto. Wiki mbili nzima bibi hakunyanyua hata unyayo.

"Bibi yangu, jaribu hatua moja tu," Sekela alimbembeleza. "Twende pale kwenye mstari."

"Kwenye mstari kuna nini?"

Sekela akavuta kigoda, akaketi.

"Basi niambie wewe, bibi. Unataka kwenda wapi?"

Bibi akasema kwa sauti ya chini, "Bafuni. Mwanangu wa kiume, Asajile, ndiye anayeniogesha. Ni mtoto mwema, hanung'uniki. Lakini nilimzaa mimi, mjukuu wangu. Nafumba macho mpaka amalize. Nataka nikaoge mwenyewe, mlango nimeufunga kwa ndani."

Kuanzia hapo kila kitu kilibadilika. Walifanya mazoezi ya kuvuka kizingiti, ya kuvuta komeo, ya kufungua bomba kwa ule mkono mlegevu. Mstari nao waliujaribu, ingawa bibi aliuendea kama mtu anayetumwa dukani. Lakini asubuhi yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuuliza, "Mbona umechelewa, mwalimu?" Jioni Sekela alirudi bwenini akicheka peke yake njiani. Kila siku ilikuwa na hatua mpya, na kila hatua alitamani kumsimulia mtu.

Siku ya mtihani ikafika. Wagonjwa wanne wa wenzake walitembea, wote wakafika kwenye mstari. Akabaki Bibi Hobokela. Profesa Kokuhirwa, mtahini mkuu, mwanamke wa maneno machache, akabonyeza saa yake.

"Anza."

Bibi akainuka. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hatua ya sita, bibi akasita na kugeuza kichwa. Upande wa kushoto, kwenye korido, mlango wa bafu la wagonjwa ulikuwa wazi.

Akakata kona.

"Bibi, mstari uko huku," Sekela alinong'ona.

"Nauona," bibi akajibu, akaendelea zake.

Akavuka kizingiti. Mlango ukafungwa na komeo likalia. Dakika ikaisha. Mtahini wa pili, aliyeketi kando ya Profesa, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Maji yakaanza kumiminika.

Hakuna aliyethubutu kugonga. Asajile, aliyekuwa amesimama pembeni akimsubiri mama yake, aligeuka akautazama ukuta, mabega yakawa yanamtikisika.

Zilipopita dakika kumi hivi, mlango ukafunguka. Bibi akatoka uso ukimng'aa, kanga ameifunga upya na kuikaza vizuri. Akarudi polepole, hatua kwa hatua, hadi kwenye kiti chake. Akaketi.

"Hakufika kwenye mstari," mtahini wa pili alisema. "Kanuni ni kanuni."

Sekela aliinamisha kichwa.

Profesa alichukua futi ya utepe, akapiga goti, akaanza kupima sakafu mwenyewe: kutoka kitini hadi kwenye kona, kutoka kwenye kona hadi kwenye bomba, kisha akazidisha mara mbili.

"Mita ishirini na sita," alisema akiinuka. "Kizingiti mara mbili. Komeo. Bomba. Mstari mwekundu niliuchora mimi, Sekela. Njia hii ya bafuni aliichora nani?"

"Yeye mwenyewe, Profesa."

Profesa akavuta karatasi ya matokeo, akaandika alama, akamwonyesha. Sekela aliitazama mara mbili asiamini. Ilikuwa ya juu kuliko zote za siku ile.

Kisha Profesa akainama mbele ya kile kiti. "Shikamoo, bibi. Maji yalikuwaje?"

"Marahaba. Ya baridi," bibi akasema. "Lakini nimeyafungulia mwenyewe."

Funzo: Ukitaka mtu ainuke, usianze kumwonyesha unakotaka wewe afike, muulize kwanza yeye anataka kwenda wapi.