Neno Alilolitema Mwanakombo

Sogeeni, mkeka unatutosha. Kisa hiki nakisimulia nimeinamisha uso, maana Mwanakombo alikuwa bibi wa bibi yangu.

Zimwi lilimkuta kisimani, limebeba chungu kinachojipikia chenyewe. "Nipe neno 'karibu', uchukue chungu." Akalitema kiganjani mwa zimwi. Tangu hapo wageni wakasimama mlangoni pake, naye akawatazama kama anayetazama nguzo.

Likarudi na jembe linalolima lenyewe, likataka 'asante'. Akalitema. Akawa anapokea vya watu kama ardhi inavyopokea mvua.

Mara ya tatu likaja na kinu kinachotwanga chenyewe, likataka 'pole'.

Mama yake, kizee wa watu, akamwambia, "Hilo usilitoe, mwanangu."

"Mama, ni neno tu." Akalitema.

Jioni ile mama aliteleza mlangoni na mtungi kichwani, akavunjika mguu. Mwanakombo akatoka ndani, akaona kitu kimelala njiani kama gogo. Akakiruka, akaenda kupakua wali.

Nyuma yake akasikia, "Pole, mwanangu. Nimekuzibia njia."

Mwanakombo akasimama. Alijua kuna kitu anapaswa kujibu. Akakitafuta kinywani, asikipate. Akajifunika uso kwa kanga.

Kizee alipopona, aliwafundisha wajukuu, watoto wa Mwanakombo, neno lile upya. Ndiyo maana mtu akijikwaa, sisi wa ukoo huu huwa wa kwanza kumpa pole. Watu hutusifu kwa adabu zetu, nasi hutazama chini.