Taji la Nakiete na Picha za Ukutani

Hapo zamani, na wala si ile zamani ya fisi kumchumbia binti wa sungura, ni zamani ya juzi tu, ya watu na simu zao mfukoni, palikuwa na shule katika milima ya Upare. Kijiji chenyewe kiliitwa Mranda. Huko ukungu huingia darasani asubuhi bila kupiga hodi, na tangawizi hulimwa mpaka mlangoni pa choo.

Katika shule hiyo alisoma binti aitwaye Nakiete. Nakiete alikuwa haoni, tangu kuzaliwa hakuona. Alilelewa na bibi yake, Bibi Nanzia, na nyumbani kwao walikuwa wawili tu, ukimwacha mbuzi mmoja mkorofi.

Sasa shikeni desturi ya shule hiyo, maana bila desturi hiyo sina hadithi. Siku ya mahafali ya darasa la saba, kila mhitimu huja na taji la maua lililosukwa nyumbani kwao. Humvisha mtu mmoja, akasema mbele ya watu: "Bila huyu nisingefika." Mtu mmoja. Si wawili, si ukoo mzima. Wengi huwavisha mama zao, mambo yakaisha, watu wakala pilau. Lakini Nakiete alipotaka kumvisha Bibi Nanzia, bibi aligoma.

"Mimi nimekulea kwa kuwa wewe ni wangu," alisema. "Hilo halina taji. Mvishe aliyekusaidia bila kuwa wako."

Hapo ndipo mtoto wa watu alipopata kazi, kwa sababu wa namna hiyo walikuwa watatu. Wasikilizeni mmoja mmoja, na msiwe wepesi wa kuhukumu, nawajua.

Alikuwapo Mwalimu Senkondo, mwalimu wa sayansi. Mwalimu yule alikuwa na mdomo, jamani! Akikueleza moyo, unausikia ukidunda chini ya dawati. Akikueleza mto, unavuta miguu usilowe. Nakiete alisoma kwa vidole, kwa maandishi ya nukta nundu, lakini kuona aliona kwa mdomo wa Mwalimu Senkondo. Kila mtihani ukija yeye ndiye wa kwanza. Wa pili alikuwa binti aitwaye Eliwaza, kila mara wa pili, na huyo mtamsikia.

Lakini koo la mwalimu lilichoka. Miaka yote ya chaki na kupaza sauti ilimkwangua, mpaka daktari akamwambia: "Punguza kusema, mwalimu, la sivyo sauti itakuaga."

Basi Mungu si Athumani, wanafunzi wa zamani wakaikumbuka shule yao. Wakaleta kompyuta, projekta, spika, na sola ya kuviwasha. Kijiji kizima kilikuja kushangaa. Mwalimu Senkondo akatandaza shuka jeupe ukutani, akabonyeza, picha ikatokea, kubwa, yenye rangi. Sauti yake ikapata likizo.

"Tazameni hapa," alisema. Akanyamaza, picha ikakaa, akabadilisha nyingine.

"Mmeona?"

"Tumeona!" darasa likaitikia.

Na Nakiete naye, kwa sauti iliyowapita wote: "Tumeona!"

Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wahenga. Asiye na macho aambiwe nini, hilo hawakutuachia. Kwa nini Nakiete aliitikia? Kwa sababu aliogopa. Mwalimu mkuu, mtu mwema kabisa, alishamwambia Bibi Nanzia kwamba mtoto akishindwa kwenda na wenzake atapelekwa shule ya bweni ya wasioona, kule tambarare. Ni shule nzuri, hakuna aliyeisema vibaya. Lakini nani angemwongoza Bibi Nanzia usiku, naye magoti yalikuwa yameanza kumgomea? Nani angemcheka mbuzi pamoja naye? Nakiete alitaka kubaki. Kwa hiyo kila picha ilipopita, aliitikia kwamba ameona.

Jirani yake wa dawati alikuwa Sifaeli, mtoto wa fundi cherehani. Huyo hakudanganyika. Siku ya kwanza tu aliinamisha kichwa, akamnong'oneza: "Kuna mlima. Juu umetoboka. Unamwaga uji mwekundu, kama chungu kilichosahauliwa jikoni."

Nakiete akacheka. Akauona mlima.

"Nitamwambia mwalimu," Sifaeli akasema.

"Usimwambie! Nitahamishwa. Niapie."

Sifaeli akaapa. Tangu hapo picha ikija, ananong'ona. Picha ikija, ananong'ona. Macho yake yakafanya kazi ya watu wawili, na daftari lake likabaki jeupe. Mwalimu akasikia minong'ono.

"Sifaeli! Ulikuwa unasema nini?"

"Hakuna, mwalimu."

"Nje! Piga magoti!"

Akapiga magoti nje kwenye ukungu, kesho akarudi, akanong'ona, akatolewa tena. Hakusema neno. Nakiete alikaa peke yake kwenye dawati akiumia kwa ajili yake, na picha zikapita bila mtu wa kumwambia. Mtihani wa muhula ulipokuja, Nakiete aliteremka mpaka akapotea katikati ya watu. Sifaeli aliteremka zaidi yake. Na wa kwanza alikuwa nani? Eliwaza.

Eliwaza alikuwa na ulimi usio na mlango. Siku moja mwalimu aliweka picha ya moyo, umepasuliwa, vyumba vyake vyote vinaonekana.

"Mmeona?"

"Tumeona!"

Eliwaza akasimama. "Nakiete hajaona!" akasema. "Mwalimu, unamwonyesha picha kipofu. Tangu mashine hii ije hajaona hata moja. Sifaeli ndiye anayemsimulia, nawe unampigisha magoti bure."

Ikabaki feni ya projekta tu ikivuma. Nakiete alitamani ardhi ipasuke immeze. Tangu azaliwe hakuwa amepata kuitwa kipofu mbele ya watu wote kwa mpigo, na siri aliyoifungia moyoni ilikuwa imemwagwa sakafuni kama maharage.

Mwalimu Senkondo akazima mashine. "Mwanangu," aliuliza, "tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, mwalimu. Naomba nisihamishwe."

Mwalimu alikwenda dirishani, akachungulia nje. Kisha alitoka nje, akamwinua Sifaeli kutoka magotini, maana siku hiyo pia alikuwa huko, akamwomba radhi mbele ya darasa. Mwalimu kumwomba radhi mwanafunzi! Mranda ilizungumza habari hiyo mpaka mavuno.

Kuanzia siku hiyo, watoto wakienda nyumbani, yeye alibaki darasani na simu yake, akafungua picha za kesho, akarekodi. Hakueleza tu kilichopo, alieleza kwa mdomo wake ule wa zamani. Akaziweka rekodi hizo kwenye kiredio kidogo cha flashi, akampa Nakiete. Jioni Nakiete na bibi yake walikaa jikoni wakasikiliza. Bibi Nanzia akajua kazi ya figo, akaanza kuwasahihisha wenzake kanisani. Na darasani mwalimu akajifunza jambo jipya. Kabla ya picha alisema, "Fumbeni macho," akawasikilizisha sauti kwenye spika: moyo ukidunda, maji yakichemka, nyuki mzingani. Watoto wakaanza kuelewa hata yale waliyokuwa wakiyatazama bila kuyaona. Sifaeli naye akapata nafasi ya kuandika.

Lakini katika kile kiredio Nakiete alisikia kitu kingine. Katikati ya somo mwalimu alikohoa, akasema, "Samahani, mwanangu," akaendelea. Somo lililofuata alikohoa zaidi. Sauti ilizidi kuwa nyembamba, kama sabuni inavyoisha mkononi. "Bibi," Nakiete alisema siku moja, "huyu mtu ananipa koo lake." Bibi Nanzia akaongeza kuni na kujifuta macho, akasingizia moshi.

Mtihani wa majaribio wa kata ulikuja. Nakiete akarudi wa kwanza. Eliwaza akarudi wa pili. Sifaeli akafaulu kwa kujikongoja. Habari ya bweni haikusikika tena, na Nakiete akamaliza shule akilala kila siku chini ya paa la bibi yake.

Siku ya mahafali ikafika. Bibi Nanzia alisuka taji la maua meupe na majani ya tangawizi, kwa kamba moja. Nakiete alilishika, likamnukia nyumbani. Jina lake likaitwa, akasimama.

"Nina watu watatu," alisema, akawataja.

Mwalimu mkuu akakuna kichwa. "Desturi ni mmoja, binti yangu."

"Likate vipande!" mtu akapaza sauti.

"Thubutu!" akajibu Bibi Nanzia. "Kamba ni moja. Ukikata, maua yote chini."

Basi mwalimu mkuu akawaita wote watatu mbele, waseme. Sifaeli akatazama viatu vyake, lakini mama yake hakuhitaji kuitwa.

"Mwanangu kapiga magoti mpaka suruali ikatoboka!" alisema. "Na mimi nikamchapa kwa ajili ya suruali, naye hakusema! Nani mwingine alimfaa mtoto huyu wakati ule? Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki."

"Mama, basi," Sifaeli akasema. "Mimi nilimwambia tu yaliyokuwepo. Aliniomba nisiseme, nikanyamaza."

"Ndiyo kosa lenyewe!" akadakia mzee mmoja. "Ulimfichia. Ungesema mapema, asingeanguka."

"Niliapa, babu."

Eliwaza akajisogeza mbele. "Mimi sikuapa. Nilimwaibisha, sikatai. Muhula mzima hakuna aliyekubali kukaa na mimi, wananiita mbea, na Nakiete mwenyewe hakunisalimia. Lakini semeni, nisingefungua mdomo, mwalimu angejua lini? Msema kweli mpenzi wa Mungu."

"Ulisema kwa wema au kwa wivu?" akauliza mama Sifaeli.

Eliwaza akafikiri kidogo. Nampenda kwa hilo, alifikiri kwanza. "Nilikuwa wa kwanza, mama, na ukwanza ule haukuwa na ladha. Nilitaka kumshinda akiwa amesimama, si akiwa ameanguka. Kama huo ni wivu, basi ni wivu."

Ikabaki zamu ya mwalimu. Mwalimu Senkondo, aliyekuwa akiimba besi kwaya nzima ikamfuata, alifungua mdomo ukatoka mnong'ono tu, watu wa nyuma hawakusikia kitu. Sifaeli akasogea, akatega sikio, akawa anayapaza maneno yake, neno kwa neno.

"Anasema: usinivishe mimi, mwanangu."

"Anasema: anayemwangusha mtoto kisimani hasifiwi kwa kumtoa."

"Anasema: mashine haikukosa. Mimi ndiye niliyeuliza 'mmeona', nikaridhika na kelele."

Nakiete hakuvumilia. "Mwalimu, wako wanaoangusha wakaenda zao. Wewe ulinifuata mpaka chini kabisa. Kila ulipokohoa nilikusikia, nikahesabu kuwa unakohoa kwa ajili yangu."

Hata watu wa pilau waliacha kugonga sufuria.

Kisha maneno yakaanza upya, huku na huku. Mmoja akasema: bila Sifaeli, mtoto angekuwa amekwisha kuhamishwa kabla ya Eliwaza kufungua mdomo. Mwingine akasema: bila Eliwaza, Sifaeli angekuwa bado kwenye magoti na mwalimu bado kwenye picha. Mwingine akasema: sawa, lakini kujua peke yake hakumfundishi mtu moyo una vyumba vingapi, bila koo la mwalimu hao wawili wangefanya nini? Na mwingine, mkali huyo, akasema: mnamvisha mtu taji kwa kuzima moto aliouwasha? Akajibiwa: na je, huyu aliyeuficha moshi? Na huyu aliyepiga kelele za moto ili ashinde mbio? Penye wengi hapaharibiki neno, lakini siku ile lilikaribia.

Nakiete alisimama mbele yao, hakumlaumu hata mmoja. Alimsamehe Eliwaza palepale, na akashangaa kuona msamaha hauna uzito alioudhani. Upande wa kushoto alisikia Sifaeli akivuta pumzi kupitia mdomoni, kama kawaida yake. Katikati alisikia kiatu cha Eliwaza kikigonga udongo kwa wasiwasi. Upande wa kulia alisikia kile kikohozi. Wote watatu alitaka kuwakumbatia, na mikononi alikuwa na taji moja.

Bibi Nanzia, aliyekuwa kando yake amemshika mkono, akamwachia. "Nenda," alisema. "Kusuka nimesuka mimi. Kuvisha ni kwako."

Nakiete akapiga hatua, akanyanyua taji juu, likanukia tangawizi. "Bila huyu," alisema, "nisingefika."

Nami namwacha palepale, mikono juu, kwa kuwa taji si langu. Mmewasikia wote, pamoja na mema yao na makosa yao. Mmeona? Wala msiniitikie "tumeona" kwa pamoja, hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa. Nijibuni mmoja mmoja, kila mtu kwa mdomo wake: aliyenong'ona, aliyefichua, au aliyekosea akarekebisha, je, nani alistahili taji la Nakiete?