Kata ya Kwanza ya Mbege ya Ndekirwa

Hapo zamani, na msiniulize mwaka maana kalenda sikuwa nayo, kule Marangu migombani aliishi fundi cherehani aitwaye Ndekirwa. Suruali alizijua. Makoti aliyajua. Pombe alijua kuinywa tu.

Ndekirwa alimpenda Aikaruwa, na Aikaruwa alimpenda Ndekirwa. Akabaki baba mtu, Mzee Kiwelu. Mzee akamwita kijana, akamwambia, "Binti utampata. Lakini niletee mbege uliyoipika kwa mkono wako. Si ya kununua, si ya kupikiwa. Mpishi ndiye atakayekunywa kata ya kwanza mbele yetu sote, kama desturi ilivyo. Na mtu akiinywa kata hiyo kwa uongo mbele ya wakwe, posa naivunja siku hiyohiyo."

Ndekirwa akarudi nyumbani akijikuna kichwa. Mbege? Ni ndizi na ulezi, na elimu yake iliishia hapo. Akaenda kuomba ushauri, akafanya kosa la kila mpishi mchanga. Aliuomba kwa watu watatu.

Akaenda kwa shangazi yake, Anasia. Shangazi akasema, "Mwanangu, pombe ni ulezi. Uoteshe, uanike, usage, tena uwe mwingi. Mengine yote ni maji. Usimsikilize mtu mwingine."

"Sawa, Shangazi. Nimechagua ya kwako."

Akaenda kwa Mama Sekunda, mwenye kilabu cha pombe pale njia panda. Mama Sekunda akasema, "Baba, pombe ni msesewe. Gome hilo ndilo linaloleta uchungu, na pombe isiyo na uchungu wape watoto wa kipaimara. Usimsikilize mtu mwingine."

"Sawa, Mama Sekunda. Nimechagua ya kwako."

Akaenda kwa Mwalimu Eliaichi, aliyekuwa amestaafu kufundisha sayansi lakini bado anaifundisha kwa kila anayepita. Mwalimu akasema, "Kijana, pombe ni joto!" Akatoa kipimajoto alichokuwa akimpimia ng'ombe wake homa. Ndekirwa hakuuliza ng'ombe hupimwa wapi. "Usimsikilize mtu mwingine."

"Sawa, Mwalimu. Nimechagua ya kwako."

Mnacheka? Wewe hapo nyuma, ungeweza kumkatalia shangazi yako usoni?

Basi Ndekirwa akachemsha ndizi zake mbivu, akazifunika kwenye pipa, akarudi kushona.

Siku ya tatu Shangazi Anasia akapita, eti kusalimia tu. Akaukuta ulezi wa Ndekirwa: kikombe kimoja, tena haujaota. Akaguna, akaenda kwake, akaleta debe zima la ulezi uliokwisha kuoteshwa na kusagwa. Akaondoka kimya.

Siku ya nne Mama Sekunda akapita, eti kusalimia tu. Akaukuta msesewe: kipande kama ukucha. Akaguna, akafungua pindo la kanga, akaongeza gome la kutosha. Akaondoka kimya.

Siku ya tano Mwalimu Eliaichi akapita, eti kusalimia tu. Akamkuta Ndekirwa amenyanyua sufuria ya uji wa ulezi unaotokota, anataka kuumimina kwenye maji ya ndizi. "Simama! Moto huo utaiua pombe, haitachacha!" Akamshika mikono. Wakakaa saa nzima wakikitazama kipimajoto mpaka uji ukapoa, ndipo wakauchanganya. Yeye hakuondoka kimya. Aliondoka akihutubia.

Kisha Ndekirwa akafanya la kwake. Wengine huacha mbege iwe nzito, na chembe za ulezi zinakaa kwenye meno. Yeye hakujua hivyo. Aliona uchafu, na fundi hapendi uchafu kwenye kazi yake. Akachukua kitambaa cha bitana alichojiwekea kwa suti ya harusi, akachuja. Akachuja tena. Mbege ikatoka nyepesi, rangi ya asali, haijapata kuonekana Marangu.

Siku ya posa watu wakajaa uani. Mzee Kiwelu akachungulia kwenye pipa. "Hii ni nini, chai?" Akachovya kidole, eti kupima tu. Akalamba. Akachovya cha pili. Alipofika kidole cha nne mkewe akamkanyaga mguu.

"Nimekunywa mbege miaka hamsini," Mzee akasema, na machozi yalimlengalenga kweli, "tamu kama hii sijaionja. Mpishi aje achukue kata."

Ndekirwa akanyoosha mkono. Na mikono mingine mitatu ikanyooka.

Shangazi Anasia alimpenda sana mtoto wa kaka yake, lakini ulezi wake aliupenda zaidi. "Debe zima la ulezi ni langu," akasema. "Bila mimi mngekunywa maji ya ndizi. Kata ni yangu."

Mama Sekunda akasema, "Huo uchungu unaokuliza, Mzee, umetoka kwenye pindo la kanga hii. Kata ni yangu. Tena kijana mwenyewe aliniambia amechagua ya kwangu!"

"Ya kwako?" Shangazi akashika kiuno. "Alichagua ya kwangu!"

Mwalimu akavua miwani polepole. "Alichagua ya kwangu. Mimi sikuongeza kitu, nilizuia isife. Kata ni yangu."

Ndekirwa akalikumbatia pipa. "Ndizi nilichemsha mimi. Nilichuja mimi, na sasa nitaoa na koti lisilo na bitana! Rangi hii hakuna aliyenifundisha. Na hawa sikuwaita, walikuja kusalimia. Kata ni yangu."

Mzee Kiwelu akaiinua kata iliyojaa, akaichungulia kwa kiu. "Kijana, ukiinywa wewe na si yako, umesema uongo, binti humpati. Akiinywa mwingine, basi ulipikiwa, binti humpati."

"Baba," Aikaruwa akasema, "mjinga huyu nampenda hivyohivyo. Amueni upesi. Mbege ikilala hadi kesho ni siki, na mimi sirudii kungoja siku tano nyingine."

Pipa linatoa povu. Uani wote wamegeuka kuwatazama nyinyi. Haya semeni, maana mimi imenishinda: aliyeleta ulezi, aliyetia uchungu, aliyezuia isife, au aliyekosea ikawa tamu? Je, nani alistahili kata ya kwanza?