Ua la Komamanga Juu ya Karatasi ya Kijani

Ua lilichanuliwa, kwa mikono ya watatu,
Mama aliyeletewa, hakuagana na mtu.

Tegeni masikio, maana hukumu ya kisa hiki naiacha mikononi mwenu.

Pangani waliishi mabinti watatu wa Bi Mwanaisha, waliotengeneza kadi za harusi na za Idi kwa mihuri ya mpira waliyoichonga wenyewe. Saumu, mkubwa wao, alijua kutuliza wino mweupe usiache doa. Hidaya alijua kuchanganya rangi. Mwanakombo, kitinda mimba, alikuwa na mkono usiotetemeka.

Mama yao alipolazwa, walimtengenezea kadi moja: ua jekundu la komamanga juu ya karatasi ngumu ya kijani. Wakati huo Saumu na mama yake walikuwa hawajasemezana mwaka mzima, tangu Saumu alipoolewa bila radhi yake.

Saumu aligonga muhuri wa kwanza, mweupe mtupu. Wekundu ukitua moja kwa moja juu ya kijani hugeuka tope. Weupe wake ndio ulioukinga. Ulipofunikwa, hakuna jicho lililouona tena.

Hidaya aligonga wa pili. Alichanganya rangi mara tisa hadi akapata wekundu wa mkomamanga wa uani kwao. Bila yeye, lingekuwa umbo jeupe lisilo jina.

Mwanakombo aligonga wa tatu, wenye mishipa ya petali, myembamba kama unywele. Alizuia pumzi. Angeteleza kidogo tu, kazi ya dada zake ingetupwa. Asingegonga kabisa, lingebaki doa jekundu.

"Mpelekee wewe," Saumu alimwambia Hidaya. "Mimi akiniona atageukia ukutani."

Hidaya akaipeleka. Siku ya tatu baadaye Bi Mwanaisha akafariki. Baada ya hitima, mama yao mdogo, Bi Tausi, aliifungua kadi ile mbele yao. Ndani yake marehemu alikuwa ameandika kwa penseli: *Kadi hii apewe binti yangu aliyenichanulia ua hili. Nina radhi naye.*

"Ameandika 'aliye'," Mwanakombo akasema. "Hakuandika 'walio'."

"Labda ni ugonjwa," akasema Bi Tausi.

"Mama? Aliyekuwa akitusahihisha sarufi hata tukiomba chumvi?"

Hidaya akasema, "Aliugusa wekundu, akaniambia, 'Hili ni la uani kwetu.'"

"Na mishipa akaifuata kwa ukucha," Mwanakombo akadakia. "Ulinieleza mwenyewe."

"Na mimi?" Saumu akauliza. "Ulimtajia jina langu?"

Hidaya akainama. "Hakuuliza, dada. Nami niliogopa kumpandisha presha."

Saumu aliinua kadi kwenye mwanga wa dirisha akautafuta weupe wake. Hakuuona. Akiidai, huenda anawapokonya wadogo zake radhi yao. Akinyamaza, huenda anaitupa ya kwake, nayo hana pengine pa kuiomba.

Akamrudishia Bi Tausi kadi.

"Haikatwi vipande," Bi Tausi akasema. "Nimpe nani?"

Basi nanyi mliosikiliza, mngemkabidhi nani: aliyeulinda wekundu, aliyeuleta, au aliyeufanya uwe ua? Na neno lile moja, "aliye", mngelisoma vipi?

Hidaya na Mwanakombo walikuwa wamekwisha keti mkekani. Aliyebaki amesimama ni Saumu.