Kigingi cha Shohamu

Imetufikia kutoka kwa waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba Bani Israili walipokuwa jangwani waliamriwa kumjengea Mola wao maskani tukufu, hema la kuhama nalo. Amri ilishuka na vipimo vyake vyote, hata nani abebe nini. Wana wa Kohathi, mmoja wa koo za watumishi wa hema, walibeba vyombo vitakatifu mabegani. Wana wa Merari, ukoo mwingine, walipewa mbao, nguzo na vigingi, kila kitu kwa jina la mchukuzi wake.

Basi kijana mmoja wa Merari, Shohamu, akaandikiwa kigingi cha shaba. Kimoja tu! Na mdomo wake, jamani, ulikuwa mpana kuliko hilo hema. Alikuwa ameposa kwa Mzee Hamueli, Mkohathi aliyebeba kinara cha taa, na huko alijieleza kuwa yeye ni mbeba mbao za dhahabu.

Asubuhi moja wingu lililotanda juu ya hema likainuka, ishara ya safari. Shohamu kashika kigingi chake, mara anamwona mkwe anakuja kumuaga. Akakisukumia chini ya kichaka.

"Mbona mikono mitupu, mwanangu?"

"Mbao zangu zimeshapanda gari la ng'ombe, baba. Zile hazishikwi na kila mtu."

Tarumbeta ikalia. Wana wa Merari hutangulia, wakasimamishe maskani kabla vyombo havijafika. Akaondoka nao bado anajisifu, kigingi kakisahau.

Wingu likatua kabla ya adhuhuri. Msimamizi akaita vigingi kwa majina.

"Cha Shohamu!"

Shohamu akaitazama mikono yake mitupu.

"Shohamu, umelala?"

Pembe ya uzio wa mapazia unaozunguka hema ikalegea, pazia likaburura mchangani. Wana wa Kohathi wakafika, vyombo mabegani, wala hawana ruhusa ya kuvitua mpaka uzio usimame. Mzee Hamueli jasho linamtiririka.

Rafiki akamnong'oneza Shohamu, "Chonga cha mti, kipake udongo. Nani ataona?"

Lakini amri ilisema shaba. Shohamu akamwendea msimamizi.

"Nimekiacha kichakani," akasema, wote wakasikia. "Nilikificha, nilikionea haya. Na mbao sijabeba hata siku moja."

Wakaangua kicheko. Msimamizi hakucheka. "Basi kigingi ni wewe. Shika kamba."

Akaishika, uzio ukasimama. Hamueli akapita mbele yake na kinara. Shohamu akatamani mchanga ummeze. Viganja vikachubuka, na kila apitaye, "Heee, mbao ya dhahabu imeota ndevu!"

Alasiri Mzee akaonekana akitokea njia ile waliyotoka, peke yake, kichwa wazi. Begani kabeba kitu kilichofungwa kwa kilemba chake, anatembea taratibu, kama abebavyo kinara. Akakitua, akafungua. Kigingi.

"Baba, wewe si wa kubeba hiki!"

"Aliyeniamuru kinara ndiye aliyekuamuru hiki." Kisha akasema, "Posa ya mwenye mbao imekufa. Akija mwenye kigingi, tutamsikiliza."

Shohamu akakipigilia ardhini, machozi yakidondokea shaba, asiweze kuinua uso.

Nami ninayewasimulia, mdomo wangu mnaujua, na hapa nimeinamisha kichwa. Ewe Mola, utusitiri siku vigingi vyetu vitakapoitwa kwa majina.