Ulimi wa Zimwi na Magamba ya Mize

Paukwa! Itikieni pakawa kwa nguvu, maana hadithi hii tunaijua wawili tu: mimi na zimwi lenyewe.

Palikuwa na mtoto, Mize, aliyezaliwa na ngozi ya magamba kama samaki. Kila asubuhi mama yake, Bi Mwanasha, alimpaka mafuta ya nazi, na kila jioni ngozi ilikauka ikapasuka tena. Siku moja mama alichoka. Akaketi kizingitini, akasema, "Na atokee wa kumponya, hata akiwa zimwi!"

Jamani, kizingitini hapakaliwi, seuze kusemwa maneno hayo! Zimwi likatokea, ulimi limeutupia begani kama mtandio.

"Mama Mize, nitamlamba mara tatu tu. Magamba yawe yangu, mtoto abaki wako."

Likalamba mikono, magamba yakaisha. Mize akashika kaa la moto, asilie. Likalamba miguu, magamba yakaisha. Mize akakanyaga mwiba, asilie. Likainamia mgongo.

Mama akaushika ule mkono laini wa Mize. "Mwanangu, wausikia mkono wangu?"

"Mkono gani, mama?"

Bi Mwanasha akammwagia mwanawe mafuta yote mgongoni. Ulimi ukateleza, zimwi likajing'ata, likakimbia likipiga kelele, "Bado mara moja, Mama Mize!"

Tangu hapo mama humpaka mgongo polepole, kwenye magamba yaliyobaki, maana ni hapo tu Mize huusikia mkono wake. Lakini hufunga mlango kwanza.

Juzi nilipita pale, wala siongopi. Kizingiti kilikuwa kimelowa mate.