Sange, Nguruwe na Vumbi la Kangaga

Mpo hapo?
— Tupo!
Mmekaa au mmesimama?
— Tumekaa kitako!
Niseme au ninyamaze?
— Sema, ukinyamaza tutakukalia wewe!

Basi palikuwa na Sange. Mnamjua Sange? Mnyama mdogo kama panya, miguu myembamba kama njiti, pua ndefu hiyo, haiishi kunusanusa. Sange huyu alikuwa mama wa watoto wawili wachanga, na nyumba yake ilikuwa bondeni, kando ya kijito, chini ya makangaga. Makangaga mnayajua: yale majani yaliyochanika kama manyoya ya ndege, ambayo yakichipua hutoka yamejikunja kama mkia wa kinyonga.

Na palikuwa na Nguruwe-mwitu. Huyo ana meno, ana nguvu, ana tumbo, na tumbo lenyewe halijui kusema basi.

Siku moja Nguruwe akawakusanya wanyama, akasema, "Leo nagawa msitu!" Nani kamtuma? Hakuna. Nani wa kumuuliza? Hakuna pia. Akamtanguliza Hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa, awe mpiga mbiu.

Wakafika kwenye mkuyu.
"Una mbegu?"
"Unazo!" akalia Hondohondo.
"Wangu!" Nyamu, nyamu, nyamu.

Wakafika kwenye mchikichi.
"Una mbegu?"
"Unazo!"
"Wangu!" Nyamu, nyamu, nyamu.

Wakafika kwenye yale majani laini yanayofunika mawe kama zulia.
"Yana mbegu?"
"Hayana!"
"Pwe! Yenu."

Wakashuka bondeni. Moyo wa Sange, du-du-du.
"Makangaga yana mbegu?"
Hondohondo akatazama juu, akatazama chini. "Hayana mbegu, hayana ua, hayana tunda."
"Pwe! Yenu."

Na ndugu za makangaga, yule wa vijiti vya pingili pingili na yule anayetambaa na vijani kama magamba? "Pwe! Pwe! Yenu."

Sange akashusha pumzi.

Nguruwe akala mbegu. Akala za juu, akala za chini, hakubakiza hata ya kuota. Mvua zikaja, zikaenda, upande wake hapakuchipua kitu. Kwa Sange, vichipukizi vilikuwa vinakunjuka kila mahali, kru, kru, kru.

Nguruwe huyo! Gudu-gudu-gudu mpaka bondeni, na wanyama wengine nyuma yake kutazama.

"Shikamoo, Bwana Nguruwe," Sange akasema.
"Marahaba. Toka na wanao, nafukua! Kisicho na mbegu kinazaaje? Mmenificha mbegu!"

Sange akawatazama wanawe. Akawasogeza nyuma yake, akasema:

"Bwana mkubwa, makangaga hawa ni wazee. Walisimama hapa duniani kabla ua la kwanza halijachanua, na jamaa zao walikuwa warefu kama miti. Ndani wana mishipa, maji yanapanda toka mzizini mpaka ncha ya jani. Ndiyo maana wamesimama, na yale majani ya juu ya mawe, yasiyo na mishipa, yamelala. Lakini mbegu hawana."

Nguruwe akageuza jani kwa pua. Chini yake, vidoti vya kahawia safu kwa safu. Akapuliza, fuuu! Vumbi likaruka.

"Na hizi?"
"Vumbi, bwana."
"Mbegu!"
"Haya. Mbegu ya mkuyu huota nini?"
"Mkuyu, mjinga wewe!"
"Basi panda vumbi hilo. Likiota kangaga, bonde lako, mimi na wanangu tunahama. Likiota kitu kingine, bonde langu, nawe usirudi tena."

Nguruwe angeweza kumkanyaga tu. Lakini wanyama wote walikuwa wanatazama, na sheria ya mbegu aliitunga mwenyewe. "Nimekubali! Hondohondo, wewe shahidi!"

Akamwaga vumbi kwenye tope. Akasubiri. Tumbo, ngurrruu. Akasubiri. Mbavu zikaanza kuonekana. Hata siku moja tope likawa kijani.

"Zimeota! Njooni mwone!"

Hondohondo akainamisha mdomo wake. Akaona vitu vidogo kama kucha, vyembamba, vimelala chini, kila kimoja na umbo la moyo. Hakina shina, hakina mshipa, hakikujikunja.

"Hiki ni kangaga?" Sange akauliza kwa adabu.
"Si kangaga," akasema Hondohondo. "Hiki... sijui ni nini."

Wanyama wakacheka mpaka wakaanguka. Nguruwe akaonja kimoja. "Pwe!" Akageuka, gudu-gudu-gudu, akavuka mlima, hakuonekana tena.

Kumbe Sange alionyeshwa na mama yake zamani: vumbi la kangaga huzaa kijimoyo, na kijimoyo kikipata maji, ndicho humzaa kangaga. Mvua ikanyesha. Chini ya kila kijimoyo kikachomoza kichipukizi kimejikunja. Kru!

"Mama, ulidanganya?" mtoto akauliza.
"Nilisema vumbi. Wewe unaona nini, mawe? Kula."

Funzo la ngano hii, jamani, ni moja: kusubiri hakuna faida. Mwangalieni Nguruwe, alisubiri mpaka akakonda, akapata nini? Na kama angesubiri kidogo tu zaidi... lo, hayo si funzo, msiyasikie.

Ngano imekwisha. Mwenye kucheka acheke, mwenye swali avuke mlima akamuulize Nguruwe.